Mwalimu Aliyepotewa na Majina ya Vitu

Mume wangu alifundisha Kiingereza maisha yake yote ya kazi, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo alifundisha katika shule ya kata iliyo karibu na kwetu, Ihumwa, Dodoma. Mimi niliishia darasa la saba kule Haneti, nikajifunza kushona. Cherehani yangu ilikaa sebuleni, pembeni ya meza aliyosahihishia madaftari, kwa hiyo sarufi ya Kiingereza niliisikia bila kuisoma. Mimi nakata sare za shule, yeye anashika kichwa na kulalamika kwamba hawa watoto mpaka leo hawajui kutofautisha adjective na adverb. Namwambia pole, Mwalimu, naendelea kukanyaga. Nyumbani nilimwita hivyo hivyo, Mwalimu, kama alivyoitwa na kila mtu.

Watoto wanaoingia kidato cha kwanza huku kwetu wametoka shule za msingi za Kiswahili, na wapo ambao hata hicho Kiswahili walikikuta shuleni. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo. Ni Msandawe wa Chemba, upande wa Kwa Mtoro, na aliwahi kuniambia kwamba alipoanza darasa la kwanza alijua salamu tu za Kiswahili, na Kiingereza hakujua kama kipo duniani. Labda ndiyo maana hakuwa mkali. Njia yake ilikuwa kuwaimbisha. Yeye anataja neno moja, darasa zima linamalizia. Upepo ukivumia upande wetu niliwasikia mpaka jikoni: "A noun is the name of a person, a place or a thing." Noun ni jina la mtu, la mahali au la kitu. Halafu pronoun, halafu verb, mpaka mwisho wa safari, kisha wanarudi mwanzo. Waliomaliza shule zamani wakikutana naye sokoni walimsalimia shikamoo, na wengine waliongezea ule wimbo kwa utani. Yeye alicheka akaendelea na njia yake.

Kiharusi kilimpata asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa amekaa kitini anavaa viatu, mimi nikiwa nje nageuza makaa. Nikasikia anasema, "Niletee," kisha kimya, kisha tena, "Niletee." Nilipoingia nilikuta mkono wake wa kulia umening'inia na mdomo umeenda upande. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri jibu. Jirani alituletea bajaji, tukaenda zahanati, zahanati wakatupeleka hospitali ya mjini.

Mguu ulirudi upesi kuliko tulivyotarajia. Mkono ulirudi nusu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa kijana mpole aliyenifundisha namna ya kumnyoosha vidole na namna ya kumshika anapopanda ngazi. Nikamuuliza kuhusu kuongea. Alisema kuna watu waliosomea kazi hiyo, lakini ni wachache sana nchini, na hapo hawakuwa naye hata mmoja. Labda Dar es Salaam. Akaniambia nisikate tamaa, niwe namwonyesha vitu vya nyumbani kimoja kimoja na kumwomba avitaje. Nikasema sawa. Ilionekana kazi ninayoiweza.

Tuliporudi Ihumwa, mwanzoni hakutoa sauti kabisa. Baadaye yakaja maneno ya kutenda. Kaa. Njoo. Leta. Nilifurahi mno, nikampigia binti yetu aliye Mwanza nikamwambia baba yako anaongea. Ila lilikuwa linakuja neno la kutenda peke yake, bila kitu chake. Alisema, "Leta." Namuuliza nilete nini. Anasema, "Leta hii. Ile." Ananyoosha mkono wa kushoto kuelekea chumbani, na chumbani kuna vitu vingi.

Kuna siku moja sitaisahau. Aliamka akiwa na nguvu, uso umechangamka, akasema leta. Nikaleta fimbo yake, akatikisa kichwa. Nikaleta redio. Nikaleta kofia, kitana, Biblia, miwani, picha ya ukutani ya harusi ya binti yetu. Nikafungua sanduku la nguo nikawa natoa moja moja na kuinyanyua. Mteja alikuja kuchukua sketi ya mwanawe akatukuta hivyo, nguo zimejaa sakafuni, akafikiri tunahama. Kufika mchana Mwalimu alikuwa anajipiga paja kwa ngumi. Kisha akaacha. Akaegemea kiti akafumba macho, na nilipomletea chakula akala bila kunitazama. Mpaka leo sijui alikuwa anataka nini.

Nikaanza lile zoezi la mtaalamu. Nilichukua kikombe, nikakaa mbele yake, nikamuuliza hiki ni nini. Alikitazama kwa makini. Midomo yake ilijipanga, ikaachia, ikajipanga tena. Akasema, "Noun."

Nilijua neno hilo kwa masikio tu. Nikaweka kikombe, nikachukua kijiko. "Noun," akasema. Nikamwonyesha mkasi wangu, chumvi, kiatu, dirisha. Vyote noun. Nikatembea mbele yake kutoka mlangoni hadi mezani nikamuuliza nafanya nini. Akafikiri. Akasema, "Verb." Nikamshikia kipande cha kitambaa chekundu cha mashati ya michezo, nikagusa rangi kwa kidole. Akasema, "Adjective." Hakuwa ananitania. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

Nikakunja kitambaa nikakirudisha kwenye fungu. Sikujua nifanye nini na majibu hayo. Hayakuwa makosa.

Wakati huo walimu wenzake walikuwa bado wanakuja kumjulia hali. Mmoja wao alikuwa binti aliyekuwa amepokea vipindi vyake. Huyo alisoma kidato cha kwanza kwa mume wangu miaka ya nyuma, akaenda chuo, akarudishwa kufundisha shule ile ile. Aliendelea kuja hata wenzake walipopunguza. Nilimweleza habari ya kikombe, nikamwomba kitu ambacho nilikionea aibu: anifundishe na mimi hayo majina ya sarufi. Nilimwambia mume wangu amebaki mahali fulani, na mimi mahali hapo sijawahi kufika.

Alikuja Jumapili baada ya ibada. Mwalimu akiwa amekaa kitini, yule binti alinieleza kwa Kiswahili kana kwamba mimi ni kidato cha kwanza. Noun ndiyo nomino, jina la kitu chochote kile. Verb ni kitenzi. Adjective inaisifu noun, adverb inaeleza tendo limefanyikaje, au lini, au wapi. Preposition inaonyesha kitu kiko wapi kikilinganishwa na kingine, juu, chini, ndani. Conjunction inaunga maneno. Interjection ni mguno wa kushtuka au kufurahi. Alipofika kwenye pronoun alisema ni neno linalosimama badala ya jina, mtu akiwa hataki kulirudiarudia. Mimi, wewe, yeye. Hii, ile, wakati mwingine.

Hapo nikamtazama mume wangu. Kumbe ndiyo maneno aliyobakiwa nayo. Siku nzima alikuwa anasema hii na ile na yeye, maneno ya badala, na yale yenyewe yanayowakilishwa hayapo.

Nadhani alielewa kinachoendelea, maana alikuwa anafuatisha kwa kichwa, na yule binti alipokosea mfano mmoja alinyanyua kidole. Binti akacheka akasahihisha. Kisha akamjaribu. Akaandika kwa Kiingereza gari la kasi, na chini yake, anakimbia kwa kasi. Kwenye mistari yote miwili neno la kasi lilikuwa lile lile moja, fast, na alinieleza kuwa wanafunzi wengi huangukia hapo. Mwalimu aliweka kidole kwenye la kwanza akasema adjective. Akakishusha kwenye la pili akasema adverb. Hakusita. Yule binti aliomba kwenda msalani, akarudi macho mekundu.

Mimi nilijivunia, nisiseme uongo. Lakini mgeni alipoondoka, mume wangu alikuwa na kiu, na ilinichukua muda kujua kwamba ni kiu.

Tuliendelea hivyo miezi kadhaa. Nilibandika vikaratasi kwenye vitu: meza, mlango, ndoo. Alivisoma kwa macho, na nikimwomba avitamke alitamka herufi ya kwanza tu, tena kwa shida. Nilijaribu kumwanzia sentensi ili aimalizie, maana mtu mmoja kanisani alisema inasaidia. Nikasema, "Maji yako kwenye..." nikasubiri. Akajibu, "Noun." Nilishindwa kujizuia, nikacheka, na yeye akacheka, tukacheka wote wawili mpaka akaanza kukohoa. Kisha akaacha kucheka kabla yangu, na nikaona anaangalia mikono yake.

Ndugu zangu Wagogo wa Haneti walikuja na maoni yao. Wapo waliosema amefungwa mdomo na mtu mwenye wivu, na walitaka kutupeleka kwa mtu wanayemfahamu. Niliwashukuru nikawapikia. Mchungaji alikuja kuomba. Kliniki waliendelea kumpa dawa za presha na kuniambia ni suala la muda. Kila mtu alikuwa na la kusema kasoro yeye.

Mahafali ya kidato cha nne yalipokaribia, mkuu wa shule alikuja mwenyewe nyumbani. Alisema kwa kuwa Mwalimu amestaafishwa kwa ugonjwa, wangependa wamuage siku hiyo hiyo mbele ya wazazi. Nilimwomba jambo moja, asipewe kipaza sauti. Apungie tu mkono. Mkuu alikubali, na naamini alikubali kwa moyo wote. Nilimpunguzia suti yake, maana alikuwa amekonda, nikamfunga tai.

Siku yenyewe tuliketi chini ya turubai, meza kuu. Wanafunzi waliimba, wakaigiza, wakasoma risala. Mgeni rasmi alikuwa mtu mchangamfu kutoka ofisi za serikali za Mtumba. Mkuu wa shule alipomtambulisha Mwalimu, uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi, na mgeni rasmi akaguswa. Yeye hakuambiwa habari ya makubaliano yetu. Akachukua kipaza sauti akasema mwalimu kama huyu hawezi kuondoka bila kutuachia neno, akakipeleka mwenyewe mpaka mkononi mwake.

Mwalimu alikipokea kwa mkono wa kushoto. Alisimama vizuri. Nilijua amejiandaa, kwa sababu tangu asubuhi midomo yake ilikuwa inacheza. Uwanja ukanyamaza.

"Mimi," akasema. "Mimi..."

Tulisubiri. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo. Kisha ikamtoka, kwa sauti yake ya zamani, safi, bila kukwama popote: "A noun..."

Wanafunzi wakamalizia kwa sauti moja. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, na wazazi vijana waliopita mikononi mwake, wote. Watu walishangilia. Yeye akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, akainua mkono mbovu kuwatuliza. Akaanza upya. "Mimi na..." na ikaja pronoun, na uwanja ukajibu kwa sauti kubwa zaidi. Sasa simu zilikuwa juu zinarekodi. Mgeni rasmi alikuwa anacheka kwa furaha na kupiga makofi, akidhani ndiyo zawadi ya kuagana, somo la mwisho. Mwalimu alijaribu tena. Verb. Wakajibu. Kila alipotaka kutoka, mdomo ulimrudisha kwenye mstari ule ule, na wale watoto aliowafundisha kujibu walikuwa wanamjibu.

Alinigeukia. Nimeishi naye miaka mingi, na sijawahi kuona uso wake vile. Nilisimama nikamwendea. Nilishika kipaza sauti juu ya mkono wake nikasema kwamba Mwalimu anawashukuru wote na anawaombea heri katika mitihani. Watu wakapiga makofi tena. Sijui kama ndicho alichotaka kusema. Inawezekana alikuwa na jambo jingine kabisa, na mimi nimelizika mbele ya watu kwa maneno yangu.

Yule binti mwalimu alitusindikiza nyumbani. Mlangoni aliomba radhi kwa niaba ya shule, nikamwambia hakuna aliyekosea, na kwa kweli hakukuwa na aliyekosea.

Baada ya mahafali Mwalimu aliacha hata yale maneno machache. Nikimwonyesha kikombe aligeuza uso. Alibandua vile vikaratasi kwa mkono wake mmoja, kimoja kimoja, akaviweka mezani karibu na cherehani yangu vikiwa vimepangwa. Sikuvibandika tena.

Ndipo akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Chemba. Ni mama mtu mzima, mkulima, na Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni na hospitalini. Alikuja na ndoo ya asali. Tangu kiharusi alikuwa hajapata nafasi ya kuja. Alipoingia hakunisalimia mimi kwanza. Aliketi chini miguuni kwa mdogo wake, akaanza kuongea naye Kisandawe.

Lugha yao ina milio ya ulimi, mmoja kama wa mtu anayesikitika, mwingine kama wa kumwita punda, na kati yake maneno yanapanda na kushuka. Katika ndoa yetu niliisikia alipokuwa na ndugu zake tu. Kwetu wawili tulizungumza Kiswahili, yeye akaacha lugha yake mlangoni na mimi nikaacha Kigogo changu, na tuliona ni sawa. Sikuwahi kujifunza hata salamu.

Wifi alifunua ile ndoo, akamlambisha kwa kidole. Mwalimu alilamba. Akasema kitu. Kilikuwa na mlio ndani yake.

Wifi aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akanigeukia akaniambia polepole, "Amesema asali."

Nilimwomba amuulize vingine. Alimshika sikio, Mwalimu akalitaja kwa neno ambalo sikuweza hata kulishika. Alimshika goti. Alionyesha nje, jua, mbuzi wa jirani, moshi. Si vyote alivyovijibu, na vingine wifi alisema amekosea au amesema nusu. Lakini alitaja vitu. Alitaja mama yao aliyekufa zamani. Wifi alikuwa analia na kuendelea kuuliza, na mimi nilisimama na mwiko mkononi kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Nikachukua kikombe. Nilitaka hicho hasa. Nikamwambia wifi amuulize kwa lugha yao hiki ni nini. Mume wangu alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akageuza uso kama kawaida.

Niliuliza kliniki. Daktari wa zamu alisema hutokea, lugha ya kwanza wakati mwingine hurudi kabla ya nyingine, na wakati mwingine hairudi, na hakuna anayeweza kuahidi. Nilimuuliza yule binti mwalimu, akasema chuoni hawakufundishwa habari hiyo. Nilimwomba wifi anifundishe. Nilijaribu kubana ulimi juu ya kaakaa na kuuachia kama alivyonionyesha, na kilichotoka kilimchekesha mume wangu. Alicheka vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mahafali. Lakini nilipomsemea neno hilo baadaye, tukiwa wawili, hakuonyesha kulitambua. Labda kinywani mwangu halikuwa neno.

Siku ya kuondoka, wifi alisema angependa kwenda naye. Msimu wa kulima ulikuwa unakaribia, watu wote wangekuwa nyumbani, angekuwa na wa kuongea nao kutwa. Alinieleza kwa unyenyekevu, akiniita wifi yangu kila baada ya sentensi, kama mtu anayeomba kitu ambacho si chake. Mimi nilikuwa na sare za shule mbili za kumaliza kabla ya Januari, na bila hizo tusingekula. Nilimuuliza Mwalimu kama anataka kwenda. Akasema, "Twende." Nikamwambia mimi sitaweza kwenda sasa. Akasema tena, "Twende," huku anafunga kifungo cha shati.

Nilimfungashia dawa na masweta, nikawasindikiza stendi.

Simu haikutusaidia. Ana kwa ana alikuwa na mkono wa kuonyeshea na uso. Kwenye simu nilisikia pumzi tu, na wifi akinieleza pembeni kwamba amekula, amelala, ameenda shambani kukaa kivulini. Nikimuuliza wifi kama anaongea, anasema anaongea. Nikishona nilikuwa najaribu kumfikiria anaongea.

Nilimaliza sare, nikasafiri mvua zikiwa zimekolea. Hatukuwa tumebakisha mbali tulipokuta korongo limejaa. Maji ya udongo yalikuwa yanapita na matawi, na dereva akazima gari akasema tukae, yatashuka. Abiria tulishuka tukakaa ukingoni. Nilikuwa na dawa zake za mwezi kwenye mkoba, na niliogopa asije akamaliza zilizobaki. Nikampigia wifi kumwambia tulipokwama. Kabla hajakata, Mwalimu akaichukua simu.

Alianza kuongea. Hakuwa anasema hii na ile. Yalikuwa maneno mengi yaliyofuatana, na milio yake, na mahali pa kupumua, na mahali aliposhusha sauti kama anavyoshusha mtu akifika kwenye jambo lenyewe. Nadhani kwa sababu alikuwa amezoea tena kueleweka, alisahau kwamba ni mimi. Au hakusahau. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Aliponyamaza nilimjibu kwa Kiswahili. Nilimwambia njia ilivyokuwa, na kwamba sare za mwaka huu zilikuwa za vitambaa vibaya, na kwamba nimekosa usingizi. Naye akasikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa kwao. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinitazama kwa mshangao, akauliza kama najua Kisandawe. Nikasema hapana.

Maji yalishuka alasiri tukavuka.

Nilimkuta uani kwa dada yake na wazee wenzake wawili, wanapukuchua mbegu za mahindi. Alikuwa amenenepa. Alipukuchua kwa mkono wa kushoto huku gunzi amelibana kwa magoti, na alikuwa katikati ya maneno. Aliponiona alisimama. "Karibu," akasema. "Kaa." Kwa Kiswahili alikuwa nayo hayo, nayo yalikuwa yale yale. Kisha akawageukia wenzake akasema kitu kifupi akininyooshea kidevu. Wale wazee wakanitazama, mmoja akatabasamu, wakanisalimia kwa heshima.

Nilimfuata wifi jikoni nikamuuliza amesema nini.

"Amesema, huyu ni mke wangu," wifi akajibu, akaendelea kusonga ugali.

Niliomba nimsaidie kuchota maji, nikaenda kisimani nikakaa huko kitambo.

Sasa imekuwa hivi. Yeye anaishi kule. Kliniki anakuja Dodoma na mpwa wake, analala nyumbani kwetu siku mbili tatu, kimya, kisha anarudi. Mimi nakwenda nikimaliza kazi za watu. Binti yetu hajafurahi. Ananiambia kwa simu kwamba nimemwachia wifi mzigo wangu, na nikimweleza habari ya lugha ananyamaza, kwa sababu na yeye haijui. Baadhi ya majirani hapa Ihumwa wanasema nimemtupa mume baada ya kuugua. Yule binti mwalimu amehamishiwa Zuzu, ananitumia ujumbe mara moja moja kuuliza hali ya Mwalimu wake. Kidato cha kwanza wa mwaka huu wanafundishwa na mtu mwingine, na hawaimbi.

Nimejifunza maneno machache kwa watoto wa kule. Wanasahihisha ulimi wangu, wananicheka, wananirudishia tena. Nikimsemea Mwalimu maneno hayo, huinamisha sikio na kusubiri kama kuna zaidi.

Safari iliyopita nilikaa naye nje, wengine wakiwa shambani, nikamuuliza moja kwa moja kama angependa kurudi Ihumwa. Alifikiri sana. Akasema, "Ndiyo."

Nikamuuliza kama angependa kubaki hapa kwa dada yake.

Akafikiri vile vile, kwa makini, akinitazama machoni. Akasema, "Ndiyo."

Sikumuuliza tena. Tukakaa mpaka wa shambani waliporudi, na akaanza kuongea nao kabla hawajaweka majembe chini.